Mkono wa Jicho

Siku ya kwanza Kimya kumwona mzee Jicho, alimwona mgongo. Alikuwa ameitwa gatini kufunga mashine mpya kwenye boti ya kupeleka wageni baharini, na kule mbele kabisa, juu ya sanduku la nanga, alisimama mtu mrefu mwembamba, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka kooni, viatu vya ngozi vimepigwa dawa vinang'aa, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Boti ilikuwa ikiyumba kwa mawimbi ya boti nyingine zilizopita, lakini yeye hakushika kitu.

"Wewe fundi," alisema bila kugeuka, "ukimaliza kukaza hizo nati, utaendesha?"

"Shikamoo, mzee. Naweza."

"Marahaba. Sijakuuliza kama unaweza. Hata mbuzi ukimkalisha hapo anaweza, usukani ni duara tu. Nimekuuliza utaendesha."

Fundi hakujibu. Hakuwa mtu wa majibu. Tangu utoto wake maneno yalikuwa yakimfika kinywani wakati wenzake wameshaondoka. Mzee alingoja, akangoja, kisha akacheka kwa pua. "Basi nimepata Kimya," alisema, na jina likaganda hapo hapo. Hata mwenye boti alipomwandika kazi siku ile alimwandika kwa jina hilo.

Kazi ya boti ilikuwa moja: kuwatafuta potwe. Potwe ni papa, tena mkubwa kupita papa wote, mwenye mgongo wa madoa meupe kana kwamba mtu amemrushia chokaa kwa brashi. Mdomo wake ni mpana kama buti la gari, lakini chakula chake ni vijidudu vya majini, vidogo hivi kwamba ukivichota kwenye glasi unaweza kuvinywa usijue. Huenda polepole, mdomo wazi, anakunywa bahari na kuichuja. Mtu akiogelea ubavuni mwake hamsumbui wala hamjali. Wageni walilipa ili waingie majini naye, wapige picha, wakirudi makwao wakasimulie kwamba wameogelea na papa.

Shida ilikuwa kumwona. Potwe akiwa chini kidogo ya maji ni kivuli tu, na bahari imejaa vivuli. Hapo ndipo mzee Jicho alipokula mkate wake. Alitazama ndege wanavyotua, alitazama dagaa wanavyorukaruka, alitazama mahali ambapo maji yamekuwa kama sufuria inayotaka kuchemka, kisha aliinua mkono.

Huo mkono aliuleta kutoka bandarini. Ujanani alikuwa mpiga ishara wa kreni, yule mtu anayesimama chini kwenye kelele na vumbi kumwelekeza dereva aliye juu, ambaye mzigo hauoni. Alifanya hivyo mpaka zikaja mashine zenye kamera, akaambiwa asante. Mke alishafariki, amebaki na binti mmoja. Akaja gatini na shati lake jeupe, akamwambia mwenye boti: mimi nina macho na mkono, wewe una boti.

Siku ile ya kwanza, kabla hawajatoka, alimpa Kimya sheria. "Ukikaa hapo nyuma, mbele ya boti ikiinuka huoni kitu. Ukijaribu kuona utaona nusu, na nusu ni mbaya kuliko sifuri. Kwa hiyo maji si yako. Wewe tazama mkono wangu. Kulia ni kulia, kushoto ni kushoto. Kiganja kikishuka, punguza. Ngumi, zima mashine, na usiulize ngumi ya nini. Mimi sigeuki nyuma na sipigi kelele. Mpiga ishara akigeuka, mzigo hauna mwenyewe. Mzigo ukianguka, kosa ni langu, si lako. Lakini ukitazama maji, umefukuzwa."

"Na nikitazama ndege?" aliuliza Kimya, na hata yeye alishangaa kusikia sauti yake.

"Ndege mtazame ukiwa umeoa na umestaafu."

Walitoka. Kimya alikaza macho kwenye ule mkono kama mtoto anayeshika sketi ya mama sokoni. Kulia, kulia tena, kiganja, ngumi. Alizima. Ubavuni mwa boti maji yakawa na madoa. Potwe alipita chini yao bila haraka, mkia ukienda huku na huku kama pazia, na kichwa kilipokuwa kimeshavuka, mkia ulikuwa bado haujafika. Mzee hakumtazama samaki. Alikuwa anawaambia wageni, "Ingieni, ingieni. Koo lake ni jembamba, hawezi kuwameza. Akimmeza mtu kwa bahati mbaya atamtema kwa kinyaa."

Basi wakafanya kazi namna hiyo miaka, na katika miaka hiyo Kimya alimwoa binti wa mzee. Posa yenyewe aliipeleka mzee Jicho mwenyewe, kwa kuwa mposaji alikuwa amekaa sebuleni tangu chai mpaka chai nyingine bila kusema lililomleta. "Huyu bwana anataka kukuoa," mzee alimwambia bintiye aliyekuwa akikunja nguo. "Mimi nimemsoma. Anatii mkono." Binti akasema mwanaume anayetii mkono si haba, ila angependa pia ajibu anapoulizwa kama chumvi imezidi. Walicheka wote watatu. Wakaishi nyumba moja, vyumba viwili na sebule, mzee kwenye chumba cha dirishani.

Macho ya mzee yalianza kwenda taratibu, kama kitambaa kinavyopauka. Kwanza alilalamikia jua. Akasema jua la siku hizi lina ukali wa kihuni. Kisha akaanza kumimina chai nje ya kikombe na kulaumu kikombe. Binti yake akamburura mpaka zahanati, muuguzi akammulika, akasema, "Mzee, una mtoto wa jicho, pande zote mbili. Anatolewa. Unaingia asubuhi, mchana uko nyumbani."

"Mimi nimelea mtoto mmoja, naye nimemwoza," alijibu mzee. "Hawa wawili wakae tu, hawali chakula."

Halafu ikaja siku ya kivuli cha wingu. Jua lilikuwa kali, bahari inametameta kama vigae vya kioo. Mzee alinyoosha mkono kushoto, kiganja, ngumi. Kimya akazima. Wageni wakajitumbukiza, wakatazama huku na huku chini ya maji, wakatoka wakisema hakuna kitu. Mgeni mmoja alicheka. Kile kivuli kilikuwa cha wingu, na wingu lenyewe lilikuwa limeshasogea. Pezi, binti aliyekuwa akiwaongoza wageni majini, alimtupia Kimya jicho la kuuliza. Mwenye boti naye alikuwemo siku hiyo. Aliukunja uso.

Jioni mke wa Kimya alimngoja uani, anasugua sufuria ambayo ilikuwa safi tangu zamani.

"Baba haoni tena, si ndiyo?"

"Anaona kidogo."

"Wakimtoa mbele ya ile boti, mume wangu, unajua atakuja kukaa wapi? Pale dirishani. Na akikaa pale hamalizi mwaka. Ile kazi ndiyo inayomshikilia."

"Nimwambie akatolewe hayo macho?"

"Umwambie wewe? Wewe ambaye chumvi ikizidi unakunywa maji tu?" Alisugua tena. "Msaidie. Kimya kimya."

Na Kimya akamsaidia. Mkwe hamwambii baba mkwe kwamba umekosea njia. Anasogeza njia. Kuanzia siku hiyo alijifunza kuegemea upande wa kushoto, mguu mmoja juu ya dumu la mafuta, shingo nje, mkono mmoja kwenye usukani, akitazama maji. Mzee akinyoosha mkono kulia, naye akiona pezi la potwe liko kushoto, alikata kona kushoto polepole, kama boti iliyosukumwa na mkondo. Akifika alizima mashine mwenyewe, ngumi iwe imeinuliwa au haijainuliwa. Wageni waliingia, wakamkuta potwe, wakatoka wanahema kwa furaha na kumpigia makofi yule mzee wa shati jeupe aliyesimama mbele bila kugeuka.

Nyumbani mzee alitamba. "Leo macho yalinifunguka. Yule muuguzi anataka kunitia kisu bure. Nikatolewe nini wakati nawaona?" Binti yake alimtazama mumewe juu ya sahani, na mumewe akatazama sahani. Wema hauozi, wanasema watu. Huu ulianza kunuka mapema, ila wenyewe walikuwa wamezoea harufu.

Potwe waliokuja eneo lile walijulikana mmoja mmoja kwa madoa yao, na mkubwa wao alikuwa jike mmoja aliyeitwa Bibi Mkubwa, kwa sababu hakuwahi kumpisha mtu. Boti ndiyo iliyompisha. Mzee alimpenda kwa namna ya pekee. Alisema yule ndiye mwanamke pekee aliyebaki duniani ambaye hajamwambia akapime macho.

Siku iliyoharibu kila kitu, jua halikuwepo. Mawingu yalikuwa yametanda kutwa, bahari imetulia, ina rangi ya bati, haina mng'aro wowote. Mtu mwenye mtoto wa jicho, mng'aro ndio adui yake. Siku kama hiyo huona kuliko siku zote. Lakini hilo Kimya alikuja kuambiwa na daktari baadaye. Asubuhi ile alimsikia tu mzee akisema, "Leo bahari imenifungulia mlango," akadhani ni yale yale ya kila siku.

Pezi alikuwa amewapa bahari mgongo, anawafunga wageni miwani ya kuogelea. Kimya ameegemea kushoto. Aliona kivuli upande wake, akakifuata kwa macho na kuuliza moyoni kama ni potwe au majani. Kule mbele, kiganja cha mzee kilishuka. Kikashuka tena. Kisha ngumi ikapanda juu ya kichwa, imekazwa, imenyooka. Mzee hakugeuka. Hakupiga kelele. Hajawahi kupiga kelele. Kwa miaka yote ngumi ilipopanda, mashine ilizima.

Mashine haikuzima. Boti iligonga kitu laini, kama mtu aliyegonga godoro, kisha mashine ikabadili sauti. Kimya akainua uso, na hapo ndipo alipoiona ngumi, iko juu, imetulia.

Bibi Mkubwa alitokea nyuma ya boti. Mgongoni alikuwa na mikato iliyopangana, myeupe, kama mkate uliokatwa vipande visivyoachana. Hakupapatika. Alilala upande kidogo, mdomo bado wazi, bado anakunywa maji, kisha akashuka chini, na madoa yake yakafifia moja baada ya jingine. Mgeni mmoja alilia. Mwingine alikuwa ameshatoa simu na kupiga picha za video, na video yake ilianzia pale pale baada ya kishindo: boti imeshapita, samaki yuko nyuma, na mzee mbele na ngumi juu.

Video ikazunguka. Chama cha wenye boti kikaifungia boti isitoke mpaka aliyefanya kosa ajulikane, kikaitisha kikao ghorofani, kwenye chumba cha viti vya plastiki na feni inayokwaruza. Mzee Jicho alikuja na shati lake jeupe, akakaa mstari wa mbele.

"Ngumi niliinua," alisema, basi.

"Uliinua, mzee, nani anakataa?" alisema mwenyekiti kwa upole. "Tumeiona kwenye video. Ila uliinua baada ya kusikia kishindo. Sote tunajua hali ya macho yako. Hata lile jina, siku hizi watu wanaliita kwa utani."

Watu walicheka kidogo, si kwa ubaya, na hiyo ndiyo iliyochoma.

Kimya akasimama. Siku hiyo maneno yalifika kabla watu hawajaondoka. "Mkono ulikuwa juu kabla," alisema. "Mimi sikuwa nautazama. Nilikuwa natazama maji. Kosa ni langu, mzee hana kosa."

Mwenye boti akanyanyuka, akaja kumshika bega.

"Mnaona? Huyu hajawahi kusema maneno mengi hivi hata siku ya harusi yake. Mkwe kama huyu haokotwi njiani. Yuko tayari ajichafue ili baba mkwe abaki safi."

"Nasema kweli," alisema Kimya.

"Tunajua, tunajua. Kaa, ndugu yangu. Heshima yako tumeiona."

Alirudia tena, na kadiri alivyorudia ndivyo walivyozidi kutikisa vichwa kwa kumsifu. Fundi anayeijua mashine kwa mlio hapatikani kila siku, na wazee wamejaa. Ikaamuliwa mzee apumzike na boti irudi kazini.

Njiani kurudi nyumbani mzee alimshika mkwewe mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Umejitia aibu mbele za watu kwa ajili yangu. Sitalisahau."

"Baba, nilichosema ndicho kilichotokea."

"Ndiyo, ndiyo. Ukweli wa mkwe." Alitembea kidogo. "Mimi nilidhani niliinua mapema. Ningeapa kabisa nimemwona, na yale madoa yake ya kisogoni. Lakini watu wote wale hawawezi kukosea, na mimi ndiye kipofu. Mzigo ukianguka, kosa ni la mkono. Mimi mwenyewe ndiye niliyekufundisha."

Kimya alifungua kinywa. Aliyekuwa naye hapo hakuwa mwenyekiti wala mwenye boti. Alikuwa mzee anayejilaumu kwa neno lake mwenyewe. Maneno yakamkwama, na walipofika mlangoni mke wake alikuwa ameshika fremu ya mlango, analia.

Sasa mzee hakuwa na kitu cha kujivunia, akakubali kisu. Aliingia asubuhi, mchana alikuwa nyumbani, kama alivyosema muuguzi. Walipomfungua bandeji alikizungusha kichwa chumba kizima. "Kumbe nyumba hii ina nyufa," alisema. Akamtazama binti yake muda mrefu. "Na wewe umezeeka, mama. Hakuna aliyeniambia." Kisha akaondoka zake dirishani, akasoma vibao vya duka la ng'ambo ya barabara kwa sauti, mpaka maandishi madogo ya bei ya sabuni.

Akapiga dawa viatu, akaenda kwa mwenye boti. Alirudi na kofia mpya yenye picha ya potwe.

"Amesema nipumzike," aliwaambia. "Amesema jina langu limeshaenda kwenye ile video. Pale mbele amemweka Pezi. Ni binti mzuri. Ila kasimama kama anasubiri basi." Kofia aliitundika kwenye msumari, hakuivaa.

Kuanzia hapo kila asubuhi alikwenda gatini kuitazama boti ikitoka. Akakaa kwenye kiguzo cha zege cha kufungia kamba, mikono mapajani, macho mapya yanaona mbali kama ya kijana. Watu walimsalimu, akaitikia. Bibi Mkubwa hakuonekana tena, wala habari zake hazikuletwa na boti yoyote. Wageni waliendelea kuja, na Pezi aliendelea kuinua mkono kule mbele.

Kisha siku moja alirudi mapema, hakuenda tena. Chakula alikula, lakini mazungumzo ya mezani aliyaacha. Binti yake alimuuliza kama anaumwa, akasema kifua. Baada ya muda kifua kikawa kweli. Dawa zilipunguza kikohozi, hazikumrudishia mwili, na mwishowe akawa mtu wa kitandani, chini ya lile dirisha ambalo mke wa Kimya aliliogopa tangu mwanzo.

Kumnyoa ilikuwa kazi ya Kimya. Alikuwa akimnyoa mchana mmoja, beseni liko magotini, povu limejaa shavu la pili, mzee aliposema, "Mwanangu."

"Naam, baba."

"Yule binti akiinua mkono kule mbele, unamwona?"

Wembe ulisimama. "Mara nyingine."

"Mara nyingine." Mzee aliyaonja maneno hayo. "Nilikuwa nakuona kutoka pale gatini. Unaegemea kushoto, mguu uko juu ya dumu. Mtu haegemei vile kwa siku moja. Ule mgongo umezoea. Umepinda huko huko."

Kimya alitazama maji ya beseni, yamejaa nywele fupi nyeupe.

"Kwa hiyo pale kikaoni hukuwa unanistiri," alisema mzee.

"Hapana, baba. Nilisema kweli."

"Nami nikakushukuru." Alikohoa, akangoja kikohozi kipite. "Kwangu ulianza lini?"

Ingekuwa rahisi kusema ni siku ile ile tu. Hata mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na taulo, alitikisa kichwa kumwomba aseme hivyo.

"Tangu ile siku ya kivuli cha wingu, baba."

"Na wale walionipigia makofi?"

"Nilikuwa nakata kona mwenyewe."

Midomo ya mzee ilisogea bila sauti, kama mtu anayepita nyumba baada ya nyumba akigonga milango. Kisha aliugeuzia uso ukuta, shavu moja limenyolewa, la pili lina povu linalokauka. Siku zilizobaki aliongea na binti yake, akamwomba maji, akamwambia wapi amezikwa mama yake aende apafagie. Aliongea na jirani aliyekuja kumjulia hali, hata wakacheka. Kwa Kimya, aliyekuwa akimgeuza na kumnyooshea shuka, hakusema tena kitu, ila kile alichokisema mchana ule ule akiwa anatazama ukuta, bila hasira, kama mtu anayeulizia kitu kilichopotea:

"Sasa siku zote zile, mimi nilikuwa nampungia nani mkono?"